Juisi ya karela na vidonge vyangu

SWALI: Dada, nina miaka 58, nauza ndizi Kiboriloni, Moshi. Nina kisukari, natumia metformini na glibenklamidi. Jirani kanishauri niache vidonge, ninywe juisi ya karela, lile tunda chungu, alfajiri na mdalasini kwenye chai. Nimeanza juzi juisi, vidonge bado nameza. Je, nakosea?

JIBU: Shikamoo mama. Vidonge usiache, juisi ndiyo uiweke kando. Glibenklamidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini, inayoshusha sukari mwilini. Karela nayo yaweza kushusha sukari. Zikikutana tumbo tupu, sukari yaweza kushuka mno, ukatoka jasho na kutetemeka mbele ya wateja. Ikitokea, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima baada ya dakika 15. Na kliniki waambie ulikunywa juisi ya karela.

Mimea siidharau. Metformini yenyewe chimbuko lake ni mmea wa galega, na daktari Jean Sterne wa Ufaransa alichapisha matibabu yake mwaka 1957. Ila kidonge kina kipimo. Bilauri ya jirani ina nini, nani ajuaye?

Mdalasini kidogo kwenye chai ni ladha tu. Usiulambe kwa vijiko, maana ule wa aina iitwayo kasia una kemikali ya kumarini, ukizidi huumiza ini.

Nguvu iko kwenye sahani. Mama mkwe wangu huponda mtori hadi uteleze kama uji, mtamu kweli, lakini hupandisha sukari upesi kuliko ndizi zilezile zikibaki vipande. Pika mbichi, tatu zatosha, mnafu ujaze nusu ya sahani. Mbivu waachie wateja.