Jibu: Anakurushia istilahi na jina la Euler? Mrudishe kwenye hesabu

Habari ndugu. Kwa nilivyokuelewa, mwenzako anashikilia kwamba n² + n + 41 hutoa namba tasa kila mara, na ukihoji anakurushia "nadharia ya ideali" (sehemu ya aljebra ya juu) na jina la Euler, mwanahisabati mashuhuri wa karne ya 18, hadi unanyamaza.

Usibishane kwanza na istilahi zake. Weka n = 40: 1600 + 40 + 41 = 1681, yaani 41 × 41. Si tasa, basi. Ukiweka n kuanzia 0 hadi 39, majibu yote ni tasa kweli, ndiyo maana inawanasa wengi. Nadharia anayoitaja ipo na inahusiana na kanuni hii, ila haisemi anachodai.

Kuhusu jina kubwa: Euler mwenyewe alidhani huwezi kujumlisha vipeo vya tano vinne (namba nzima nne kubwa kuliko sifuri, kila moja ikipandishwa kwa kipeo cha 5) ukapata kipeo cha tano cha namba nzima nyingine. Mwaka 1966 wanahisabati Lander na Parkin wakaonyesha 27⁵ + 84⁵ + 110⁵ + 133⁵ = 144⁵. Kokotoa mwenyewe uone.

Mimi nikikutana na mtu wa aina hii humwuliza: istilahi hiyo unayoitaja inafanya kazi katika mstari upi wa uthibitisho wako? Akiuonyesha, mshukuru na uusome. Hukusema kama alikupa uthibitisho wowote. Kama upo, uweke hapa tuupitie mstari kwa mstari.