Mifuko 11 ya Saruji na Ukuta wa Shangazi

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Tanga, kijana aliyerithi pamoja na ndugu zake nyumba ya mawe ya babu yao. Aliniuliza jambo ambalo kwake lilikuwa dogo: lipu ya ndani imeanza kumeguka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, naye ameazimia kuibandua na kupiga lipu mpya ya saruji kwa mikono yake mwenyewe, kwa hiyo alitaka nimpe vipimo vya mchanga na saruji. Aliongeza kwamba kwao saruji si shida, kwa kuwa kiwanda kipo hapo Pongwe, na kwamba fundi aliyemwita alimtajia bei ya kumtoa mbio. Niliusoma ujumbe ule mara tatu, maana ningeweza kuuandika mimi mwenyewe miaka minne iliyopita, neno kwa neno. Vipimo ninavyo. Sitampa, na nitaeleza kwa nini.

Nyumba ya Shangazi ipo Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hatua chache kutoka Barabara ya India. Ni nyumba ya matumbawe na chokaa, yenye kuta za unene wa karibu nusu mita, na vyumba vyake ni vyembamba na virefu kwa sababu dari imelazwa juu ya boriti za mikoko, ambazo mara nyingi hazifiki hata mita tatu. Nimelelewa humo. Nilipoanza kujitegemea nilijenga sifa ya kuwa mtu asiyeita fundi kwa kila msumari: nilishabadilisha koki, nilishapachika vitasa, na vigae vya bafuni kwangu nilivibandika mwenyewe, na hadi leo hakijang'oka hata kimoja. (Nataja vigae hivyo kwa makusudi, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna mwingine anayevitaja.)

Kwa hiyo ukuta wa sebule ya Shangazi ulipoanza kudondosha chokaa kama unga wa muhogo juu ya mkeka, kila mtu alinitazama mimi. Kwa heshima tu, tulimwita kwanza fundi mwashi mmoja mzee wa hapo mjini. Alipokea shikamoo yangu, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatoka nje na kulitazama paa kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama ukuta wenyewe, kisha akasema anataka shilingi milioni moja na laki nane na muda usiopungua miezi minne, ambao sehemu kubwa yake itakuwa ya kungoja.

"Kungoja nini, mzee?"

"Kungoja ukuta ukauke, mwanangu."

Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi barazani, nikaamua moyoni kwamba simlipi mtu ili angoje.

Nilinunua mifuko 12 ya saruji. Mchanga niliupata kwa vijana wa mkokoteni kwa nusu ya bei ya mchanga wa mto, wala sikuwauliza wameuzoa wapi. Kwa tindo na nyundo niliibandua lipu yote ya zamani, ndani na nje, siku tano za vumbi, nikapiga lipu ya saruji kuanzia sakafuni hadi chini ya boriti kwa unene wa kidole gumba. Nilitumia mifuko 11. Ilipokauka niliipaka ndani rangi ya mafuta ya rangi ya maziwa, mikono miwili, hata ukuta ukang'aa kiasi kwamba ukisimama mlangoni unaiona taa ya chemli ikijirudia humo. Sikukuu ya Idi wageni waliusifu. Shemeji yangu alinipiga begani na kuniita "Injinia", nami, Mungu anisamehe, nililipenda jina lile.

Masika ya kwanza yalipita bila kitu, isipokuwa harufu. Baada ya masika ya pili kuanza, rangi ilitoa malengelenge kwenye usawa wa kiuno, juu zaidi ya pale chokaa ya zamani ilipokuwa ikimeguka. Niliyatoboa, nikayakwangua na kupaka rangi juu yake. Nikigonga, ukuta ulijibu kwa sauti ya kibuyu kitupu, na nilichofanya ni kuacha kugonga. Usiku mmoja wa mwezi wa nne, mvua ikinyesha, bapa la lipu lenye upana wa mlango lilijitenga na ukuta na kuliangukia kabati la vyombo. Vikombe vya kaure vya Shangazi, vile vinavyotolewa wakati wa posa na msiba, vilibaki viwili. Alinipigia simu alfajiri baada ya swala. Hakulalamika. Alisema, "Njoo uchukue ukuta wako."

Mzee fundi alikuja bila kinyongo, jambo lililoniumiza kuliko kama angenicheka. Aliligeuza bapa lile, na mgongo wake ulikuwa umeota manyoya meupe laini mithili ya sufi. Akayakusanya kwa ncha ya kidole, akanipa. "Onja." Nikaonja: chumvi kali. Akanipeleka uani, kwenye baki la mchanga wangu wa bei nafuu. "Onja na huu." Kisha akapanda ngazi, akaibonyeza kwa kidole gumba ncha ya boriti iliyoingia ukutani, na kidole kikazama kama kinavyozama kwenye papai lililoiva.

Alichonieleza siku ile, nami nimekihakikisha kwa macho yangu, ni hiki. Tumbawe ni jiwe lenye vitundu, nalo hufyonza maji. Na maji yaliyo karibu na bahari hubeba chumvi. Maji yale yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuiacha chumvi nyuma, na chumvi inapojijenga kuwa chembe ngumu hujitanua na kukivunja kilichoizunguka. Ukuta ukiwa na lipu ya chokaa, iliyo laini na inayopitisha unyevu, maji hutoka na chumvi huila lipu, ambayo baada ya miaka utaikwangua na kupiga nyingine. Ule unga uliokuwa ukidondoka mkekani haukuwa ugonjwa wa chokaa bali kazi yake. Mimi niliufunga ukuta kwa saruji pande zote mbili, nikaukaza kwa rangi ya mafuta juu yake, na mchanga wangu ukaongeza chumvi ambayo haikuwapo. Maji hayakuwa na pa kutokea, yakabaki ndani, yakapanda, yakaziozesha boriti.

Na maji yenyewe yalitoka wapi? Yalitoka kwenye gata lililotoboka juu ya ukuta ule ule, ndilo Mzee alilokuwa akilitazama siku ya kwanza nilipodhani anatafuta sababu ya kupandisha bei. Gata hilo lilitengenezwa kwa shilingi elfu arobaini.

Ningependa kusema kwamba hapo nilimwachia kazi. Sikumwachia. Nilinunua chokaa hai nikaizima mwenyewe kwenye pipa, bila glavu na bila kujua kwamba hutokota kama uji inapokutana na maji. Ngozi ya viganja ilibanduka, na nashukuru kwamba macho yalisalimika. Lipu niliyoipiga kwa chokaa hiyo ilikuwa nene mno, ikapasuka kama tope la mbugani. Yatosha.

Mzee aliibandua saruji iliyobaki, akabadilisha boriti tatu, akachimba mfereji nje ambako udongo ulikuwa umepanda hadi juu ya sakafu, kisha akauacha ukuta uchi kwa miezi mitano. Kila nilipofika nilikuta tumbawe likitoa chumvi, na Shangazi akiisugua kwa brashi kavu. Ndipo Mzee akapiga chokaa iliyolazwa majini kwa wiki kadhaa, kwa tabaka tatu nyembamba, kila moja ikifunikwa kwa magunia yaliyolowekwa, kwa kuwa chokaa haigandi kwa kukauka haraka kama tunavyodhani, bali hukomaa polepole kwa kuivuta hewa ukaa iliyo hewani. Jumla ya gharama ilikuwa milioni tatu na laki moja, bila kuhesabu mifuko yangu.

Sasa ndugu yangu wa Tanga, na wewe mwingine ambaye tayari umeshika tindo. Kabla ya kuugusa ukuta, tafuta maji yanatoka wapi: panda juu ulitazame gata, zunguka nje uone kama ardhi imepita usawa wa sakafu. Uonje mchanga. Usiweke saruji kwenye tumbawe, wala rangi ya mafuta. Kama nyumba yako imo katika mji wa kale, waulize kwanza watu wa mambo ya kale, maana Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964, nami sikuwauliza. Na utafute tena maji yanatoka wapi. Saruji ya aina tunayoitumia ilipewa hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, Uingereza mwaka 1824. Msikiti wa Kaole, mwendo mfupi kusini mwa Bagamoyo, unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na waliousimamisha kwa matumbawe na chokaa hawakuwa wamepungukiwa na akili.

Tatizo letu sisi tunaopenda kujifanyia kazi ni kwamba tunamlipa fundi kwa jasho tunaloliona, na tukimwona amekaa tunahisi anatuibia. Tunajifunza kushika mwiko kwa siku moja, kisha tunadhani tumejifunza uashi. Vigae vya bafuni vilinidanganya: vilikaa vizuri kwa sababu aliyeniwekea ukuta alikuwa mwashi, nami sikuwahi kumtaja. Mwandikie yule fundi uliyemkimbia, muulize ile bei ni ya nini na nini. Ukisikia neno "kungoja" limo ndani yake, usimpunguzie hapo.

Shemeji bado ananiita Injinia, kila msiba na kila harusi. Mfuko wa 12 ambao sikuufungua uliganda stoo kwa unyevu, ukawa jiwe lenye umbo la mto wa kulalia. Nilitaka kuutupa. Shangazi alikataa, na sasa anauegemeza kwenye mlango wa uani usigongwe na upepo wa kusi.