Kwa walimu wapya wa darasa la watoto wakubwa, shule ya Jumapili

Jumapili iliyopita nilimkuta mwalimu mpya akiwaimbisha watoto wa darasa la sita wimbo wa vidole. Mvulana mmoja, sauti imeshaanza kukwaruza, alikuwa anatazama dirishani kama abiria aliyepitishwa kituo. Nikacheka, kisha nikakumbuka yangu. Haya, sikilizeni.

1. Miaka 9 hadi 12 si chekechea, na kipaimara bado. Picha za kupaka rangi waachieni wadogo. Luka 2 inasema Yesu akiwa na miaka 12 alikutwa hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Kuwauliza, jamani! Wewe mtoto akitaka kujua Kaini alioa nani unamwambia akae chini. Hujui? Sema hujui, urudi na jibu wiki ijayo.

2. Somo liandaliwe Alhamisi, si kwaya ikiwa inaimba.

3. Siri zao. Hapa nitakaa kidogo. Mwaka wangu wa pili, kijana wa darasa la tano alibaki kunisaidia kupanga mabenchi. Akasema, huku amenipa mgongo, kwamba baba akirudi amelewa wao hulala kwa jirani. Nikajiona mchungaji. Jumapili iliyofuata, kwenye maombi ya kufunga, nikatangaza: "Tumwombee mwenzetu, baba yake aache pombe." Jina sikutaja, ila nilimtazama. Darasa zima likageuka. Akainama, akawa anavuta uzi wa soksi mpaka tukasema amina.

Hakurudi. Nilikutana na mama yake sokoni, akanijibu kwa adabu tu: "Mwalimu, kila Jumapili asubuhi anasema tumbo linamuuma." Nikakosa la kusema. Nikanunua nyanya nisizozihitaji.

Mtoto akikuambia jambo, si ombi la kutangaza. Na kama anaumizwa, usimwahidi kunyamaza: mwambie unakwenda kwa mchungaji na ustawi wa jamii, uende siku hiyo hiyo.

4. Walimu wawili, mlango wazi. Daima.

5. Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ile siku ya watoto kanisani, wapeni kazi ya kweli, si ngonjera tu. Mwaka jana tuliwapa kusoma Injili. Msichana mmoja alisoma polepole, kidole kwenye mstari, na wazee wa kanisa wanaosinzia kila wiki wakakaa wima.

Na wewe wa wimbo wa vidole, nione baada ya ibada ya pili. Soda juu yangu.