Kabla Hujanunua Difu, Jiulize Gari Linalia Lini

Niliwahi kununua difu (boksi la gia katikati ya ekseli linalogawia matairi nguvu) ambayo sikuihitaji. Land Cruiser yangu ya mwaka 1994, ile yenye habu (vitovu vya magurudumu) za mbele za kufunga kwa mkono ukitaka magurudumu manne yavute, ilianza kulia kwa chini: kwi, kwi, kwi, polepole nikiondoka, kisha haraka mwendo ukipanda. Ulikuwa msimu wa korosho, gari halipumziki. Fundi wa gereji moja mjini Mtwara akalisikiliza likiwa limesimama, akasema difu ya nyuma imekwisha. Nikalipa, ikafungwa ya mtumba. Natoka tu getini: kwi, kwi, kwi.

Mzee mmoja wa Newala, fundi mstaafu, hakugusa hata spana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, linalia lini?" Sikuwa na jibu, na iliniuma.

Ilikuwa krosi ya propela, yaani kiungo chenye umbo la msalaba kwenye mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu. Propela huzunguka karibu mara nne tairi likizunguka mara moja, kwa hiyo mlio unaokwenda mbio kuliko tairi, ukifuata mwendo wa gari na si wa injini, anza kuutafuta hapo. Krosi iliyoishiwa grisi hutoa unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake. Kwetu Newala vumbi lenyewe ni jekundu, kwa hiyo futa kwanza, endesha kilomita chache, ukatazame tena. Kisha egesha mahali tambarare, zuia matairi yote kwa mawe, weka gia huru, achia hendibreki (kwenye Land Rover za zamani ndiyo inayoishika propela), uizungushe kwa mkono huku na huku. Ikicheza kwenye krosi, umempata mwizi. Usimwache: propela ikikatika gari likiwa kasi, inaweza kuua.

Difu mbovu ina tabia nyingine. Huvuma, na sauti hugeuka ukikanyaga mafuta na ukiachia. Mteremko wa kutoka Newala kwenda Masasi unaisema vizuri: shuka ukiwa ndani ya gia, acha mafuta, sikiliza. Beringi ya tairi haijali mafuta, inajali kona. Ukikata kushoto mngurumo ukazidi, shuku tairi la kulia, kwa sababu uzito umehamia huko.

Kwa mlio wa mbele, fungua habu zote mbili, rudi kwenye magurudumu mawili, uende njia ileile. Hapo propela ya mbele na difu yake havizunguki. Mlio ukibaki, havihusiki. Ule wa ta-ta-ta unaotokea ukikata usukani hadi mwisho, habu zikiwa zimefungwa, mara nyingi ni jointi za ekseli ya mbele.

Wengi wanatoka kwenye mchanga wa Msimbati, wanaingia lami na magurudumu manne bado yanavuta. Gari linakuwa zito kwenye kona, linagonga, nao wanakimbilia gereji. Rudi tu kwenye magurudumu mawili.

Ukitaka kuangalia oili ya difu, legeza kwanza nati ya kujazia, ndipo ya kumwagia. Ya kujazia ikigoma baada ya kumwaga, utabaki na gari lisiloweza kutembea. Unga laini kama masizi kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni wa kawaida, vipande vya chuma si vya kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji: badilisha siku hiyohiyo, uzibue na kipumulio, tundu la hewa la difu.