Sehemu ya mauzo ya mtandaoni hupimwaje?

SWALI: Naandaa ripoti ya kazini na nimekwama. Takwimu za 2024 zinaonyesha kwamba mauzo ya mtandaoni Marekani ni kama asilimia 16 ya mauzo yote ya rejareja, ilhali Uingereza ni zaidi ya robo. Naweza kuandika kwamba Waingereza wanawazidi Wamarekani kwa kiasi hicho? Na namba hizi hupatikanaje?

JIBU: Usiandike hivyo bado. Asilimia hiyo ina namba mbili, ya juu (mauzo ya mtandaoni) na ya chini (mauzo yote ya rejareja), na mimi huanza na ya chini kila mara kwa sababu huko ndiko tofauti nyingi zinakojificha.

Ofisi ya Sensa ya Marekani huingiza kwenye jumla ya rejareja mauzo ya magari na ya vituo vya mafuta, ila migahawa huiacha nje. Takwimu za rejareja za Uingereza hazihesabu wauza magari. Chukua mfano wa kubuni: jumla ya mauzo ni 1,000, na ya mtandaoni 160. Hiyo ni asilimia 16. Sasa ondoa magari ya 300, ambayo tuseme yote yalinunuliwa ana kwa ana. Zile 160 sasa zinagawanywa kwa 700, unapata karibu asilimia 23. Hakuna aliyeongeza kununua hata jozi moja ya soksi.

Namba ya juu nayo ina masharti yake. Kinachoangaliwa ni oda ilipowekwa, si pesa ilipolipwa. Ukiagiza viatu kwa simu kupitia tovuti ya duka, kisha ukaenda kuvichukua na kulipa taslimu kaunta, hayo ni mauzo ya mtandaoni. Ukivipekua mtandaoni wiki nzima halafu ukaenda kuvinunua dukani bila kuagiza, sivyo. Hata barua pepe inaleta mgongano: Marekani huikubali oda iliyokuja kwa barua pepe, lakini OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, katika fasili yake ya 2009 haihesabu oda ya barua pepe ambayo mtu ameichapa mwenyewe.

Takwimu zenyewe hazitoki kwa wanunuzi. Nchi zote mbili huchukua sampuli ya wafanyabiashara, nao hujaza dodoso wakieleza wameuza kiasi gani kwa jumla na kiasi gani mtandaoni. Kwa hiyo bidhaa uliyoagiza moja kwa moja kwa muuzaji wa nje ya nchi inaweza isionekane kabisa. Tena jukwaa linalouzia bidhaa za watu wengine mapato yake ni kamisheni. Bei kamili ni mauzo ya mwenye bidhaa. Anayejumlisha thamani yote iliyopita kwenye jukwaa, kama ripoti nyingi za kibiashara zinavyofanya, atapata namba kubwa zaidi.

Angalia pia msimu. Marekani hutoa takwimu hizi kila robo mwaka, zikiwa zimerekebishwa kwa msimu (yaani kupanda na kushuka kwa kawaida kwa kila mwaka kumeondolewa) na bila kurekebishwa. Usilinganishe ya aina moja na ya aina nyingine, hasa robo ya mwisho yenye manunuzi ya sikukuu. Na mwaka 2020 ukikuta asilimia imeruka ghafla, kumbuka kwamba maduka mengi yalifungwa: mtandao ulipanda huku jumla ikishuka kwa muda.

Kwenye ripoti yako, chini ya kila asilimia andika nini kimo na nini hakimo katika jumla, pamoja na tarehe uliyopakua takwimu, maana ofisi hizi huzirekebisha baadaye.