Miungu, mazimwi na fumbo la maneno: kwa mnaoanza

Wengi mnaoanza kujaza mafumbo ya maneno ya Kiingereza gazetini mnakata tamaa mkikuta kidokezo cha mungu wa kale au zimwi. Mnadhani lazima mtu awe amesoma hadithi zote za Wagiriki. Si lazima. Kabla hujatafuta jina, tafuta kwanza hadithi ni ya nani.

Chukua visanduku vinne, kidokezo ni mungu wa mapenzi. Neno linalokatiza limeshakupa O kwenye kisanduku cha tatu. Usikimbilie EROS, maana AMOR nayo ina O papo hapo. Soma kidokezo upya: kikitaja Ugiriki ni EROS, kikitaja Roma ni AMOR. Vikiwa visanduku vitano, fikiria CUPID, naye wa Warumi. Mungu wa vita ana mtego uleule. ARES wa Wagiriki na MARS wa Warumi wote wanaishia na S, kwa hiyo ukiwa na S ya mwisho tu bado huna kitu. Jaza kwanza maneno ya jirani. Kikitajwa Skandinavia, jaribu ODIN, THOR au LOKI. Zimwi la milima ya Himalaya kwa herufi nne ni YETI.

Majina mengine hujirudia kwa sababu ya herufi zake. Katika mafumbo ya Kimarekani kila kisanduku kinaingia kwenye maneno mawili, la mlalo na la wima, ndiyo maana watungaji hupenda maneno mafupi yenye irabu nyingi kama OGRE, yaani zimwi, na ERATO, mungu wa kike wa Wagiriki wa mashairi ya mapenzi. Mimi nampenda zaidi ROC, ndege wa safari za Sindibadi. Marco Polo alisimulia kuwa ndege huyo hubeba tembo, akamweka pande za Madagaska, na kweli kisiwa hicho kiliwahi kuwa na ndege wasioruka wenye kimo cha karibu mita 3.

Kidokezo kikiwa cha wingi, jibu nalo ni la wingi, ila S ya mwisho iandike kwa penseli: ELVES (vibwengo) inayo, GENII (majini) haina.

Tena, si kila cha kufikirika ni cha hadithi. Ukiulizwa mstari wa kufikirika, hiyo ni jiografia. Herufi saba ni EQUATOR, uleule unaopita Nanyuki. Nne, jaribu AXIS, mhimili ambao dunia huuzunguka.