Binti wa miaka 12 na chanjo ya HPV: mruhusu

Dada, pole na hofu. Umeuliza kama chanjo wanayoleta shuleni, ya kukinga HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, itamfunga kizazi binti yako wa miaka 12, kama shangazi yake anavyosema. Hapana, haifungi. Ndani yake hakuna kirusi kizima, ni sehemu ya ganda lake tu, isiyoweza kuambukiza. Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe, ambayo mara nyingi hutibiwa kwa kuondoa mji wa mimba au kwa mionzi.

Kwa nini sasa, angali mtoto? Kwa sababu chanjo hii hukinga, haitibu, na kirusi chenyewe wengi hukipata mapema wakishaanza kujamiiana. Aina ya 16 na ya 18 za kirusi hicho pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima 2018, na 2024 ikahamia dozi moja. Hailipiwi. Ale kwanza, na akae kidogo baada ya sindano, maana mabinti wengine huzimia kwa woga.

Nawe, kama umefika miaka 30, nenda kituo cha afya ukapimwe mlango wa kizazi.